Saladi ya Wifi

Bustani mbili zilipakana kama chanda na pete, zikinywa maji ya mfereji mmoja. Hata hivyo, kila mara mpishi mkuu wa hospitali alipokuja kununua saladi, aliipita ya kwanza bila hata kugeuza shingo, akajaza masanduku yake kwenye ya pili. Jambo hilo lilimkereketa Chapuchapu, mwenye bustani ya kwanza, mwanamke aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwa na subira hata ya chai kupoa. Uchungu ulizidi kwa sababu mwenye bustani ya pili alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake.

"Wifi, umemlisha nini yule mpishi?" alimuuliza siku moja, nusu utani, nusu kijicho.

Wifi akacheka hadi akashika kiuno. "Njoo kesho alfajiri, utaona mwenyewe."

Kulipopambazuka, waliufuata mfereji kuelekea juu. Wifi alifanya hivyo kila asubuhi kabla ya kumwagilia. Chapuchapu alikuwa amelima pale miaka sita bila kujua maji yake yanatoka wapi. Hata mavuno aliyaosha mumo humo mferejini.

Nyuma ya mabweni ya wafanyakazi wa kiwanda, Wifi alisimama ghafla. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka, likitapika uchafu mferejini.

"Jana asubuhi lilikuwa zima," alisema kwa sauti ya chini. "Na jana jioni sote tulimwagilia."

Alipiga simu kwa mamlaka ya maji, akarudi bustanini, akaziba mlango wa mfereji. Kisha akaanza kung'oa matuta manne aliyoyamwagilia jioni ile, saladi changa na iliyokomaa.

"Wewe! Si uioshe tu?" Chapuchapu alimaka.

"Saladi haipikwi, wifi yangu. Uchafu hujificha kwenye mikunjo ya majani, na anayekula ni mgonjwa. Nitamtazamaje?"

Chapuchapu aligeukia bustani yake. Yeye alikuwa amemwagilia matuta yote. Aliyahesabu moja moja hadi mwisho. Hatimaye akainama, akang'oa shina la kwanza.

Bomba lilichukua siku tisa kutengenezwa. Mawifi walipanda miche mipya, na siku zote hizo wakachota maji kisimani, wakiyamimina shinani bila kulowesha majani. Viganja vikamchubuka Chapuchapu. Majirani wakawacheka kwamba wamegeuka punda. Wifi aliendelea kuchota tu.

Wiki ya nane, afisa afya alipima maji na majani ya bustani zote mbili, akayakuta safi. Siku hiyo mpishi alisimama kwenye bustani ya kwanza.

"Hawa mawifi wamezaliwa na bahati!" jirani mmoja alinong'ona.

Chapuchapu alimtazama Wifi, aliyekuwa ameinama akisugua masanduku, akaona haya kwa yote aliyowahi kumwazia.

"Bahati haichoti maji, jirani," alisema. "Ukiona vyaelea, vimeundwa."