Mbwa Aliyekataa Mchuzi wa Bi Mwajabu

Mbwa haongezewi chumvi, huzibuliwa pua. Mmesikia shangazi yenu akimtupia Sufiani maneno hayo, yeye anayemnunulia mkewe kanga juu ya kanga, na mwenzake anataka tu kwenda kumwona mamake. Mmecheka, na sasa mnaniuliza yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Uzigua aliishi Bi Mwajabu, mpishi wa shughuli. Harusi ambayo hakuipikia, watu waliaga mapema. Jikoni mwake hamkuwa na mjadala: chakula kikimshinda mlaji, kasoro iko chunguni. Ndivyo alivyofunzwa na mamake, na ndivyo alivyoamini.

Alikuwa na mbwa aliyeitwa Watasema, mlinzi wa shamba. Mahindi yakianza kubeba, Bi Mwajabu na mumewe, Mhina, hupanda dunguni, kwenye kichanja cha mlinzi, kuyalinda na nguruwe, na Watasema hulala chini yao. Mwaka ule mvua iliwanyea huko huko dunguni, na waliporudi nyumbani mbwa akagoma kula.

Bi Mwajabu akaona hiyo ni aibu yake. Akaongeza chumvi kwenye ugali wa mbwa. Watasema akageuza uso. Akatia mchuzi wa kuku, akatia samli, akamega hata nyama aliyomwekea mgeni. Wapi! Mbwa aliinamisha kichwa juu ya bakuli, akangoja kama anayengoja kuitwa, kisha akajilaza. Mbavu zikaanza kuonekana. Nguruwe nao si wajinga. Walishaanza kuvunja mahindi ya ukingoni, maana hakuna aliyewabwekea.

"Mke wangu, huyu amezeeka," Mhina alisema. "Tumpumzishe, nitafute mwingine kabla shamba halijaisha."

Bi Mwajabu alimpenda mbwa yule, na maneno hayo yalimuuma sana.

"Ningoje hadi kesho," akasema. "Nitampikia pilau."

Kesho yake akapika pilau kweli. Akaionja, hakuona ladha. Akatia chumvi, akaonja, akatia tena. Mhina akachota tonge, akalitema.

"Mwajabu! Unataka kutuua kwa chumvi?"

"Mbona mimi naona kama natafuna pamba?"

"Una mafua, mama. Tangu ile mvua unaongelea puani. Hebu weka mwiko chini, ukapige nyungu."

Bi Mwajabu akabaki na mwiko mkononi. Akamtazama Watasema aliyelala mlangoni. Pua yake ilikuwa imekauka na kuganda makamasi, naye akihema kwa mdomo. Mbwa ni mtu wa kumeza nyama hata hajaitafuna. Ladha anaipatia wapi, kama si puani?

Akainjika chungu cha majani ya mlimau na mvumbasi, akaacha mvuke upungue ukali, akajifunika shuka pamoja na mbwa. Majirani wakaja kuchungulia uani, wakashika mbavu.

"Jamani, Mwajabu anapiga nyungu na mbwa!"

Chini ya shuka ikasikika chafya moja, kisha nyingine nene zaidi, na hakuna aliyejua ipi ni ya nani.

Watasema akatoka amelowa. Akainua pua. Pembeni mwa ua palikuwa na ukoko wa ugali wa jana, mkavu, hauna chumvi wala mchuzi. Akaunusa taratibu, huku na huku, mkia ukicheza, akaunusa tena kama mtu anayekula kwa starehe zake. Kisha akaubugia mara moja.

"Umeutia nini?" Mhina akauliza.

"Sikuutia kitu," Bi Mwajabu akajibu, akicheka na kufuta machozi. "Siku zote hizi nilikuwa najipikia mimi."

Jioni ile mbwa alibweka shambani, na nguruwe wakashika njia. Majirani waliokuja kucheka ndio walioanza kuyasema, mpaka yakatufikia sisi: mbwa haongezewi chumvi, huzibuliwa pua.