Mwanzi Juu ya Ufa

Hapo kale, watoto, Bonde la Ufa lilipokuwa jembamba kuliko mnavyoliona leo, baraza lilikutana karibu na mlima uitwao Ol Doinyo Lengai. Waliohudhuria ni hawa: Twiga, mkuu wa baraza; Bwana Kifaru, mwenye shamba la mtama; Mzee Muhanga, mchimba mashimo, asiye na meno ya mbele; na Bi Pimbi, ambaye wengi humwita panya, naye si panya. Mke wa Kifaru hakuja. Alikuwa akiokota vigae vya vyungu vyake.

Maana asubuhi ile ardhi ilitikisika. Gudu! Gudu-gudu! Ufa ukakatiza shamba la Kifaru na kumeza mistari miwili ya mtama.

"Nani anayechimbachimba nchi hii?" Kifaru akafoka. "Si huyu? Amechimba mpaka nchi imepasuka!"

"Bwana, mimi nafuata mchwa tu," akasema Muhanga.

"Kimya! Afukuzwe leo hii, aende huko kwenye nyika ya magadi!"

Bi Pimbi moyo ukampasuka. Kwenye magadi hakuna kichuguu hata kimoja. Mzee yule asingemaliza wiki. Na shimo alimozalia watoto wake, Bi Pimbi alipewa na Muhanga bure.

"Mheshimiwa Twiga," akasema, "hebu inama utazame ufani. Upande huu waona nini?"

Twiga akainama, na kwa shingo ile kuinama ni kazi. "Udongo mwekundu. Chini yake jivu jeupe. Chini yake jiwe jeusi."

"Na upande wa pili?"

"Mwekundu... jivu... jeusi. Ah! Kama vigae vya chungu kimoja!"

"Basi hapa hakuna aliyechimba. Mchimbaji huacha rundo la udongo. Rundo liko wapi? Pande mbili zimeachana tu. Gamba la dunia limegawanyika mabamba makubwa, na chini yake mwamba wa moto unasogea taratibu, kama uji mzito jikoni, ukiyachukua mabamba. Hapa yanaachana. Kwingine yanagongana, yanainua milima. Bibi yangu alisema hata nchi za ng'ambo ya bahari zilikuwa zimeshikana na yetu."

"Ho! Ho! Ho!" Kifaru akacheka mpaka akakaa chini. "Nchi itembee! Ina miguu? Nimesimama hapa tangu ujana wangu, mbona sijafika popote?"

Hata Twiga akacheka. Bi Pimbi akaona kwamba ukweli peke yake hautamwokoa mzee wa watu. Akainamisha kichwa, akalegeza sauti.

"Huenda nimekosea, bwana. Lakini kumfukuza ni adhabu ndogo. Atakwenda kuchimba kwingine. Mfunge kwako! Tulaze mwanzi juu ya ufa, kila ncha ishike ukingo kwa upana wa kidole gumba. Asitoke mpaka mwanzi uanguke wenyewe."

Kifaru akasimama. "Na kwa kuwa nchi haitembei..."

"Hatatoka maisha, bwana. Adhabu kali mno hiyo."

"Safi! Naapa kwa pembe yangu, hatoki kwangu mpaka mwanzi uanguke!"

Hapo Twiga akakohoa. "Na desturi yetu waijua: amfungaye mtu ndiye amlishaye."

"Eeh?"

"Umekwisha kuapa, bwana," akasema Bi Pimbi polepole.

Kuanzia siku ile, Kifaru alivunja vichuguu kwa pembe yake kila asubuhi. Pwaa! "Mchwa wameniingia puani! Pchaa! Pchaa!" Kisha hukimbilia ufani.

"We mwanzi, anguka!"

"Utaanguka," Bi Pimbi humjibu. "Nchi inaachana polepole kuliko ukucha unavyoota."

"Basi tembea, we nchi! Tembea!"

Mwaka wa tatu Kifaru alipima ukingo kwa jicho moja, akapima tena. Ncha za mwanzi zilikuwa zimebakiza nusu ya kidole gumba. Muhanga hakuwa amechimba hata tundu. Jioni ile Kifaru alimletea kumbikumbi, mchwa wale wanene wenye mabawa, akakaa naye mpaka akamaliza kula.

Mwaka wa saba, tap! Mwanzi ukaanguka.

Kifaru akafungua mlango. "Mzee, huna hatia. Hukuwa nayo tangu mwanzo."

"Ahsante, bwana. Sasa niende wapi?"

"Nani amekufukuza? Kaa hapa, ule, mchwa wanatoroka!"

Kisha akamgeukia Bi Pimbi. "Nawe ulijua itachukua miaka."

"Nilijua."

"Ukaniacha niape."

"Ukweli ulikuchekesha, bwana. Nikatumia pembe yako."

Kifaru alimtazama sana, kisha akacheka kidogo. "Pimbi weee!"

Funzo ni hili, watoto: usimtupie mnyonge lawama ya jambo usilojua chanzo chake.

Mzee Muhanga alikufa nyumbani kwa Kifaru mwaka uliofuata, kabla ya masika.