Udongo Kwenye Viatu

Ndugu zangu, palikuwa na dada mmoja aliyekuwa akimlea mdogo wake wa kiume. Nikisema mdogo msifikirie mtoto; jamaa alikuwa na miaka arobaini na ndevu zake. Alizaliwa na ulemavu wa akili, hesabu hazikumkubali kabisa. Lakini kila asubuhi alimtekea maji bibi jirani aliyekaanga vitumbua, na kila Jumamosi aliosha viatu vya nyumba nzima ili watu waje ibadani waking'aa.

Yule bibi alimtania kama mabibi wanavyotania wajukuu: "Mume wangu, njoo uonje." Kitumbua cha kwanza kilikuwa chake. Atatafuna, atakunja uso kama hakimu, kisha atatoa hukumu: "Mke wangu, sukari imezidi!" Miaka kumi na tano sukari imezidi, na hakuna siku aliyobakiza hata punje.

Basi bibi akafariki. Wakubwa wakakaa kikao: huyu tumfanyeje? "Haelewi," wakasema, "atatuvurugia msiba." Dada akampeleka kwa shangazi yao siku tatu. Jamaa aliporudi akaambiwa bibi yuko mjini kwa wanawe. Nia ilikuwa njema. Ni mangapi, ndugu zangu, tumeyaharibu kwa nia njema?

Jamaa akanyamaza. Akaacha kula, akaacha kuoga. Viatu vikarundikana mlangoni na vumbi lake. Asubuhi anachota maji, anayapeleka kwenye lile jiko lililopoa, anayamwaga, anarudi kulala. Majirani wakasema, "Ndivyo walivyo hao." Ikapita miezi minne. Dada akamwona anafunga suruali kwa kamba kwa kukonda, moyo ukamuuma, akamshika mkono hadi zahanati.

Nesi akamtazama jamaa. "Unaumwa nini, kaka?"

Dada akadakia, "Huyu tangu kuzaliwa..."

"Samahani, dada. Nimemuuliza yeye."

Nesi akasubiri. Dada alitaka kujibu tena, akajiuma mdomo. Hatimaye jamaa akasema, "Mke wangu kafa. Mimi sijamtilia udongo."

Dada akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Viatu vyenu. Vilikuwa na udongo mwekundu, ule wa makaburini. Si mimi ndiye ninayeviosha?"

Dada akainama akalia. Nesi akawaeleza taratibu kwamba hii ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito; inawapata wenye ulemavu wa akili kama inavyotupata sisi, nayo inatibika. Akampangia siku za kurudi wazungumze. "Lakini kwanza," akasema, "mpelekeni kaburini."

Wakampeleka. Akachota udongo kwa mikono miwili, akautia, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akalifokea kaburi: "Mke gani anaondoka bila kumuaga mumewe?" Watu wakacheka huku wanalia.

Hakupona siku ile. Alirudi zahanati mara nyingi, na kula alianza kidogo kidogo. Mpaka asubuhi moja binti wa marehemu akawasha lile jiko, akamwita aonje. Akatafuna. Akakunja uso. "Sukari imezidi!" Dada akakimbilia nyuma ya nyumba kushangilia peke yake.

Sasa sisi. Tulisema haelewi. Mwenzetu alikisoma kifo kwenye soli za viatu, sisi tukashindwa kuisoma huzuni iliyoandikwa usoni mwake miezi minne. Nani hapo alikuwa haelewi? Wengine kama yeye wameketi nasi humu humu. Tunawaombea, tunawapapasa kichwa, halafu tunamuuliza aliyewashika mkono: "Huyu anaendeleaje?" Ana mdomo wake huyo! Leo ukitoka hapo mlangoni, muulize yeye mwenyewe. Na ukishauliza, usimjibie. Nyamaza mpaka aseme.