Nyani Mwonjaji na Wali wa Wachanga

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa sufuria jikoni na mkubwa mlangoni!

Basi hapo palikuwa na Bi Nguchiro na wanawe watatu. Wawili walikuwa wanatembea. Wa mwisho, Kijino, miguu yake ilikuwa kama njiti, na kusimama dede hajawahi. Njaa, jamani! Na njaa yenyewe ilikuwa na jina: Bwana Nyani.

Huko kwao chakula cha watoto hakipakuliwi mpaka mkubwa aonje chumvi. Desturi nzuri, kama mkubwa ana haya. Nyani, mkubwa wa hapo, hakuwa nayo hata ya dawa. Sufuria likitokota tu, huyo, puku puku puku! "Naonja tu, Bi Nguchiro." Ataonja, ataonja, ataonja, mpaka sufuria libaki linang'aa. Kisha anajifuta mdomo: "Chumvi imepungua." Lione!

Siku hiyo Bi Nguchiro akapika wali wa Kijapani. Aliujua vizuri, maana aliwahi kuishi chini ya sakafu ya jiko la mpishi Mjapani. Akachemsha mwani apate supu, akautoa. Akatia mchele, uyoga, karoti na boga, vyote vimekatwa vidogo vidogo. Chumvi hakutia hata chembe. Akafunika, tokota tokota tokota.

Puku puku puku! "Naonja tu."

"Leo hakuna kuonja, Bwana Nyani. Wali huu hauna chumvi. Ni wa wachanga peke yao."

Nyani akameza mate, ghu! "Kwani mimi nani? Mimi mchanga!"

"Wewe? Na ndevu hizo?"

"Nimezaliwa nazo! Nipakulie!"

"Mchanga hunawishwa kwanza."

"Ninawishe!"

"Mchanga huvishwa nepi."

"Nivishe!"

"Mchanga huviringishwa kanga, mikono ndani, asijichafue."

"Viringisha upesi, wali unapoa!"

Bi Nguchiro akaviringisha, akakaza, akapiga mafundo matatu. Likalala hapo jitu zima, midevu nje, limepanua mdomo: "Aaa!"

"Subiri, mwanangu. Kwa watoto huanza mdogo."

Akamlisha Kijino, nyam nyam. Akamlisha wa pili, nyam nyam. Akamlisha wa kwanza. Nyani akajipindua, gubu gubu! Mafundo hayakulegea.

"Mimi ni mkubwa wenu!" akanguruma.

"Mkubwa huonja chumvi," akasema Bi Nguchiro, "na chumvi humu hamna."

Sufuria likabaki linang'aa. Majirani wakaja kumtazama mtoto mpya, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kijino naye akataka kuona. Akashika ukingo wa sufuria, akajivuta, akasimama dede. Mama yake akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Hadithi yangu imekwisha, na funzo lake ni hili: watoto, waheshimuni wakubwa, muwaache waonje kwanza. Chakula kikiwa kitamu, gawaneni. Kikiwa chapwa, mpelekeeni Nyani. Bado yumo kwenye kanga, anangoja zamu yake.