Ukoko wa Bibi Kobe

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo ni Pakawa ya wenye njaa? Mmekula, nimewaona. Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipika pilau pamoja kila baada ya mavuno. Sufuria moja, kubwa! Kila mmoja alikula akashiba. Lakini ukoko, ule wa chini mkavu unaonukia, haukuguswa. Ulikuwa wa Bibi Kobe, mkubwa wao kwa umri. Jino hana hata moja! Lakini haki yake ni haki yake. Aliuloweka kwenye chai.

Nguchiro alikuwa mtoto. Mwaka mmoja akaachiwa alinde sufuria. Akanusa. Akachungulia. Akakwangua kidogo tu, kwaru. Kidogo tena, kwaru kwaru. Kutahamaki, sufuria inang'aa.

Bibi Kobe akaja na kikombe chake. "Nani kala ukoko wangu?"

Nguchiro mashavu yamejaa, angesemaje? Akanyoosha kidole. Kikamwangukia Fisi, aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni.

"Ah, Fisi!" wakasema wote. "Nani mwingine?"

"Jamani, mimi nimeleta kuni tu!"

Nani amsikilize Fisi? Wakamfukuza kwa kuni zake mwenyewe, puu! puu! mpaka nyuma ya kilima. Nguchiro akameza. Ukoko ukapita vibaya. Kwi!

Kwikwi hiyo haikumwacha. Akakua, kwi! Akaoa, kwi! Bibi harusi akaruka. Akawa mpishi mkuu, mwiko mkononi, na kila akisikia neno ukoko, kwi! kwi! Wakamnywesha maji ameinama. Tembo akamtisha kwa nyuma. Nguchiro akazimia, akazinduka, kwi! Dawa aliijua mwenyewe, ila aliiogopa. Akikiri, mwiko watamnyang'anya.

Mwaka mmoja Bibi Kobe akasimama mbele ya wote. "Nimezeeka, wajukuu zangu. Leo ukoko wangu nampa Nguchiro. Hapa hakuna mwaminifu kama yeye."

Kwi! Kwi! Kwi! Mwiko ukamponyoka. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Bibi, ukoko ule hakuula Fisi! Ni mimi, kwi! Niliula mimi, wote!"



Bibi Kobe akauokota mwiko, polepole, mnamjua Kobe. "Huu nakaa nao. Wewe beba sufuria na ukoko wake, umpelekee uliyemsingizia."

Nguchiro akajitwika. Akapanda kilima, kwi. Akashuka kilima, kwi. Akamkuta Fisi anaguguna mfupa wa mwaka juzi.

"Mjomba Fisi, ukoko ule nilikula mimi, nikakusingizia wewe. Nisamehe."

Fisi akamtazama. Akaitazama sufuria. Machozi yakamlengalenga, na mate yakamdondoka. "Kwa hiyo miaka yote hii nimefukuzwa kwa ukoko ambao hata ladha yake siijui?"

"Huijui, Mjomba."

Fisi akaumega katikati. "Shika chako. Lakini hatuli hapa. Twende tukale mbele ya wote."

Wakarudi. Fisi akaketi katikati ya shughuli. Wakala, kwaru, kwaru. Wanyama wote wakatega masikio. Nguchiro akameza. Kimya. Akameza tena. Kimya! Kwikwi imekwisha.

Bibi Kobe akainuka, akamkabidhi Fisi mwiko. Tangu siku hiyo mpishi ni Fisi, na kuni analeta Nguchiro.

Basi, wakubwa kwa wadogo: ukimsingizia mwenzako, kamsafishe wewe mwenyewe, mbele ya wale wale waliomfukuza. Hadithi yangu imeishia hapo, na sufuria ni tupu.