Ghala Lililofagiliwa Mno

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nchi ya kaskazini kabisa, haina mti hata mmoja, na chini ya majani yake ardhi imeganda tangu dunia iumbwe. Wewe unayesinzia huko nyuma, amka. Hii si ya kusinzia.

Hapo kale palikuwa na mwanamke akiitwa Nauja, mke wa Kunuk mwinda nyangumi. Huko kwao hawakuitia nyama chumvi. Walichimba shimo refu, wakashuka kwa ngazi, wakaiweka nyama ndani ya ardhi iliyoganda. Ghala la kijiji kizima alikabidhiwa Nauja. Mama mkwe wake alimwusia kabla hajafa, "Mwanangu, lifagie. Ghala hili ndilo nyumba ya nyangumi; akisikia ni chafu, harudi tena."

Mwaka huo Kunuk na wenzake wakaleta nyangumi, wakaijaza nyama ghalani, wakarudi baharini. Hiyo ndiyo nyama ya kuwavusha watu majira ya baridi. Nyingine haikuwapo.

Siku ya kwanza Nauja akashuka ghalani, tone la maji likamwangukia shingoni. "Ole wangu! Nimeacha uchafu gani?" Akafagia, akafagia, akafagia. Alipopanda juu akamkuta mbweha mweupe mlangoni.

"Jirani, jirani, ardhi inatoka jasho. Hamisha nyama."

"Toka hapa, mdokozi we! Niihamishe uile?"

Mbweha akaenda zake.

Siku ya pili maji yakamfika vifundoni. Nauja akatazama lile tandiko la majani mazito juu ya ghala, akaona nalo ni uchafu. Akaling'oa lote, akafagia mpaka udongo ukabaki mtupu, na jua likiupiga. Masikini, kumbe ameivua ardhi nguo yake ya kuikinga na jua! Mbweha akaja.

"Jirani, jirani, ardhi inatoka jasho. Hamisha nyama."

"Toka hapa, mdokozi we!"

Siku ya tatu maji yakamfika magotini. Mbweha akaja, miguu imejaa matope. Kabla hajafungua kinywa, Nauja akamrushia ufagio.

Jioni hiyo ardhi ikanguruma, ikadidimia. Ghala, ngazi, nyama, vyote vikazama kwenye tope.

Kunuk akarudi. "Mke wangu, nyama iko wapi?"

"Nilifagia, mume wangu. Nilifagia kama nilivyofundishwa."

Kunuk hakumgombeza. Aliketi chini, akashika kichwa.

Nauja akamfuata mbweha. Akamkuta kando ya bonde la tope ambalo hakupata kuliona kabla.

"Jirani, ulijuaje?"

"Pango langu ndilo lililoanza kuzama. Wanangu watatu wamo humu. Nyama yako sikuitaka, nilitaka yasikupate yaliyonipata mimi."

Nauja akapiga magoti palepale, akalia kwa sauti. Kisha akapita nyumba hadi nyumba, akiwahimiza watu warudishe majani kila palipobaki uchi, na wahamishe nyumba zilizoanza kuinama. Wakamsikiliza. Lakini baridi ile iliwakuta bila nyama, na kijiji kilizika watu.

Basi, wanangu, akija mtu kukuonya, usimtukane. Muulize kwanza yeye mwenyewe amepatwa na nini.

Hadithi nimeitua hapo, atakaye aibebe. Mimi naenda kufagia uwanja wangu. Majani siyagusi.