Fungo na Mkeka Uliosukwa Mbichi

Paukwa!
Pakawa!
Mmeitika kama mliokosa uji. Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale palikuwa na Fungo na jirani yake, Pimbi. Pimbi alisuka mikeka. Hakutumwa wala hakulipwa, alisuka kwa kupenda tu, akishamaliza kazi zake. Kila aliyepita alisimama akasema, "Pimbi, mikono yako ina baraka."

Fungo alisikia, roho ikamuuma. Akila, inamuuma. Akilala, inamuuma. "Baraka gani? Kimkeka tu kile," akanong'ona. Lakini macho hayakubanduka kwenye kimkeka.

Siku moja Digidigi akapita akitangaza harusi ya binti yake. "Bibi harusi atakalia mkeka wa hapa hapa kwetu, ule mzuri kuliko yote." Fungo akaapa moyoni kwamba utakuwa wake.

Amuulize Pimbi? Afadhali afe. Akaenda kwa Kasuku. Kasuku hakuwahi kushika hata jani la ukindu, ila alikaa njia panda, akisikia yote na kumsimulia yeyote.

"Kasuku, mkeka unasukwaje?"

"Loweka ukindu, loweka sana. Ukiloa unalainika, ukilainika unatii. Wote wanasema hivyo."

"Wote kina nani?"

"Wote," akasema Kasuku.

Fungo akaloweka, chubwi! Akasuka ukindu ukichuruzika maji, akashona ukili kwa ukili, msuko kwa msuko. Mkeka ukabana, ukang'aa. Akaupeleka harusini mbichi vilevile, mbio, Pimbi asimtangulie.

Bibi harusi akaketi. Jua likapanda. Ukindu ukakauka, ukasinyaa, kwi, kwi, kwi. Tundu hapa, tundu pale. Siafu wakapenya kutoka chini. Bibi harusi akaruka na nguo zake zote.

"Nani kasuka chujio hili?" akauliza Digidigi. Wageni wakacheka mpaka machozi. Ukaletwa mkeka wa Pimbi.

Fungo akaondoka, wivu umemjaa hadi kooni. Moja kwa moja pangoni kwa Pimbi, aibe siri yake. Akapekua kila pembe. Nyuma kabisa akakuta rundo la mikeka mibovu. Huu umepinda. Huu umeoza. Huu una matundu, kama wa kwake.

Pimbi akatokea mlangoni. "Umepata unachotafuta, jirani?"

"Yote hii ni yako?"

"Nani mwingine angeharibu hivyo?"

Fungo akaketi chini. "Mkeka wako niliuonea wivu," akasema. "Rundo hili sikulionea."

"Basi kesho lete ukindu. Utaunyunyizia maji kidogo. Kidogo kiasi gani, sikwambii. Vidole vyako vitakwambia."

Fungo akaanza rundo lake mwenyewe. Wivu ungali unamchoma, nisiwadanganye, lakini sasa anasuka.

Basi watoto, na nyinyi wakubwa mnaojua kila kitu kwa kuambiwa: ukipenda jambo, lifanye mwenyewe, liharibu mwenyewe, ndipo utalijua. Na ukimwonea mwenzio wivu, uulize kwanza ameharibu mikeka mingapi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mliokalia mkeka, inukeni tuukunje.